Mpima Ardhi na Jirani Asiyemlipa

Upimaji wa ardhi ni miongoni mwa taaluma chache ambazo kazi yake hulipiwa na mtu mmoja lakini huwafunga watu wengi ambao hawakuchangia hata senti katika malipo hayo. Mwenye kiwanja humwita mpima, humlipa ada na kusubiri ramani. Hata hivyo mstari unaochorwa katika ramani hiyo humhusu pia jirani wa upande wa pili, mtoto atakayerithi, benki itakayopokea hati kuwa dhamana ya mkopo, Serikali itakayotoza kodi ya pango la ardhi, na mwenyekiti wa baraza la ardhi atakayeamua shauri miaka ishirini baadaye, wakati mashahidi wa siku ya upimaji wamekwisha kuhama au kufariki dunia. Ndiyo maana maadili ya mpima hayawezi kupimwa kwa kuridhika kwa mteja wake peke yake. Kipimo chake kilicho sahihi zaidi ni namna anavyomtendea yule asiyemlipa.

Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Mpanda na katika Mkoa wa Katavi kwa jumla, kwa kuwa huko ardhi inabadilika mikono kwa kasi kuliko uwezo wa ofisi za ardhi kuirekodi. Katika Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule ambao Katavi ilimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, mkoa ulikuwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili ya idadi ya awali katika kipindi cha miaka kumi tu. Mji wenyewe ulianza kupata sura ya mji kutokana na machimbo ya madini ya risasi ya Mukwamba na reli ya tawi kutoka Kaliua iliyojengwa kwa ajili yake mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa muda mrefu ulibaki kituo kidogo cha mwisho wa reli. Leo Mpanda ni manispaa na makao makuu ya mkoa, barabara ya lami inaiunganisha na Tabora, na katika kata za pembezoni mashamba ya mahindi na mpunga yanakatwa vipande na kuuzwa kama viwanja vya makazi. Mnunuzi huambiwa kwamba kiwanja ni cha ishirini kwa ishirini, na mara nyingi hizo ishirini ni hatua za miguu ya dalali.

Ugumu huongezeka kwa sababu aina zote tatu za ardhi zinazotambuliwa na sheria za Tanzania zinakutana katika eneo hilo. Kuna ardhi ya jumla, ambayo inajumuisha maeneo ya miji na husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kuna ardhi ya vijiji, inayosimamiwa na halmashauri za vijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo. Na kuna ardhi ya hifadhi, ambayo kwa Katavi ni sehemu kubwa sana, ikiwa ni pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Mpima anayetoka mjini asubuhi anaweza kuvuka aina hizo zote kabla ya jua la mchana, na kila aina ina mwenye mamlaka wake, utaratibu wake na hati yake. Asiyejua amesimama katika ardhi ya aina gani hawezi kupima kwa mujibu wa sheria, hata kama mitambo yake ni ya kisasa kiasi gani.

Utaratibu wa kisheria wa mjini umekuwa ukifupishwa na Wizara ya Ardhi kwa maneno matatu: kupanga, kupima na kumilikisha. Kupanga ni kazi ya mtaalamu wa mipango miji, ambaye huandaa mchoro unaoonyesha viwanja, barabara, maeneo ya shule, masoko na maziko, na mchoro huo hauna nguvu mpaka uidhinishwe chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kupima ni kuuhamishia mchoro huo ardhini kwa alama za kudumu na kuandaa ramani ya upimaji, ambayo nayo haitambuliki mpaka iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani au ofisa aliyekasimiwa mamlaka yake. Kumilikisha ni kazi ya Kamishna wa Ardhi, na hati husajiliwa na Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 ngazi hizo zina wawakilishi katika ofisi za ardhi za mikoa, hivyo mkazi wa Mpanda halazimiki tena kufuata kila saini nje ya mkoa wake. Katika mnyororo huo mpima ni kiungo kimoja tu: hagawi ardhi, hamilikishi mtu, wala hana uwezo wa kuamua mgogoro wa nani ni mwenye haki. Mpima anayemwambia mteja kwamba akishapimiwa basi eneo limekuwa lake amevuka mpaka wa taaluma yake, na kauli hiyo imewaingiza wengi katika hasara.

Sheria pia imeweka wazi nani aitwe mpima. Sheria ya Upimaji Ardhi, ambayo ni Sura ya 324 ya sheria za nchi, inasimamia namna upimaji wa kumilikisha unavyofanywa na kuidhinishwa, na inafanya kuwa kosa la jinai kung'oa, kusogeza au kuharibu alama za upimaji. Sheria ya Usajili wa Wapima ya mwaka 1977 iliunda baraza la kitaifa linalosajili wataalamu hao na kuwachukulia hatua wanaokiuka miiko, hatua ambazo zinaweza kufikia kufutwa katika daftari la usajili. Wapo wanaofanya kazi hiyo bila sifa hizo, ambao wananchi wamezoea kuwaita vishoka. Baadhi yao ni vibarua waliowahi kumshikia mpima vifaa na kujifunza kuwasha kifaa cha GPS cha mkononi. Wengine ni mafundi wenye ujuzi kiasi lakini wasio na leseni, na hawa ndio wa hatari zaidi, kwa sababu kazi yao hufanana na ya kweli mpaka siku ramani inapofikishwa ofisini na kukataliwa. Kuna kosa jingine linalozungumzwa kwa nadra ingawa linastahili kukemewa kwa sauti kubwa zaidi, nalo ni la mpima mwenye leseni anayetia saini kazi iliyofanywa na kishoka bila yeye mwenyewe kufika uwandani. Saini hiyo ni ushahidi. Anayeitia bila kuona anachokishuhudia ametoa ushahidi wa uongo, hata kama vipimo vyote vitatokea kuwa sahihi.

Kazi ya uwandani yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndipo maadili yanapojaribiwa. Katika kila kona ya kiwanja huchimbwa shimo, nondo husimamishwa katikati yake na kuzungushiwa zege, kisha juu ya zege hiyo kabla haijakauka huandikwa herufi na namba ambazo ndizo jina la alama hiyo katika kumbukumbu za taifa. Mpima huweka chombo chake juu ya alama ambayo nafasi yake inajulikana tayari, hulenga alama nyingine inayojulikana ili kupata mwelekeo, ndipo huanza kupima pembe na umbali wa kona mpya, na kila kipimo huandikwa au kuhifadhiwa katika daftari la uwandani ambalo halipaswi kusahihishwa kwa kufuta. Mwishoni hurudi alikoanzia ili kuona kama hesabu inafunga, yaani kama mzunguko mzima wa vipimo unarejea katika nafasi ileile kwa tofauti isiyozidi kiwango kinachoruhusiwa. Hesabu isipofunga, kanuni inamtaka arudi uwandani. Kishawishi kilichopo ni kurekebisha tarakimu akiwa kwenye kompyuta, na ofisa anayehakiki anaweza asigundue.

Hapo ndipo mipaka ya sheria inapoonekana. Ofisi inayohakiki ramani inaweza kuona kwamba hesabu zimefunga, kwamba kiwanja hakijaingia katika barabara iliyopangwa, na kwamba hakuna ramani nyingine iliyosajiliwa juu ya eneo hilohilo. Haiwezi kuona kama jirani aliitwa. Haiwezi kuona kama mzee aliyesema kwamba mpaka wa zamani ulikuwa kwenye mwembe alisikilizwa au alinyamazishwa, wala kama alama ya kona ya mashariki ilisogezwa mita mbili kwa sababu mteja aliongeza kitu kidogo mkononi mwa fundi. Mambo hayo yanabaki katika dhamiri ya mpima na katika macho ya waliokuwepo, na kwa sababu hiyo kuwaita majirani wote na mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuchimbia alama ya kwanza kunapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya upimaji kama ilivyo pembe na umbali.

Umahiri nao ni suala la maadili. Ramani nyingi za zamani za viwanja na mipaka nchini Tanzania ziliandaliwa katika mfumo wa rejea unaoitwa Arc 1960, ambao ni namna ya kulifafanua umbo la dunia kwa ajili ya kukokotoa nafasi, ilhali vifaa vya satelaiti vinavyouzwa leo hutoa nafasi katika mfumo wa kimataifa wa WGS 84 visipobadilishwa. Nukta moja iliyoko Mpanda ikisomwa katika mifumo hiyo miwili hupata tarakimu mbili tofauti, na tofauti yake katika mwelekeo wa kaskazini na kusini hukaribia mita 300. Mtu anayechukua tarakimu za mpaka wa kijiji au wa hifadhi kutoka kwenye tangazo la zamani na kuziingiza katika kifaa chake bila kubadili mfumo atauhamisha mpaka huo kwa umbali wa uwanja wa mpira karibu mara tatu, na atafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Familia itakayojikuta upande usio wake haitapata nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba mpima hakukusudia. Mtaalamu anayekubali kazi isiyo ya kiwango cha ujuzi wake, badala ya kuikataa au kumtafuta mwenzake anayeijua, amevunja miiko tangu siku aliyopokea malipo ya awali.

Uzito wa jambo hilo katika Katavi unatokana na ukaribu wa makazi na hifadhi. Mwezi Januari 2019 Rais John Magufuli alisitisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, kamati ya mawaziri ikaundwa kupitia migogoro hiyo nchi nzima, na kati ya vijiji 975 vilivyochunguzwa uamuzi ukawa kwamba 920 vibaki. Uamuzi wa aina hiyo ni wa kisiasa na ulistahili kufanywa, lakini hautekelezeki mpaka mtu aende ardhini na kuonyesha kwamba mpaka mpya unapita hapa na si pale, akifuata maneno ya tangazo la Serikali na si matakwa ya askari wa hifadhi wala ya wanakijiji waliomzunguka. Pande zote mbili, kwa bahati mbaya, huwa na njia ya kumshinikiza. Hali hiyohiyo hujitokeza kwa udogo karibu na Bwawa la Milala na kando ya mito, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mpima anayekubali kukata viwanja katika ukanda huo anajua kwamba nyumba zitakazojengwa zitawekewa alama ya X ya kubomolewa siku moja, na kwamba siku hiyo yeye hatakuwepo.

Vijijini kuna watu wengine ambao ni rahisi kuwasahau. Katavi ni nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na imepokea kwa wingi Wasukuma wafugaji na wakulima kutoka kaskazini. Katika makazi ya Katumba na Mishamo kuna maelfu ya watu ambao wao au wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na ambao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Timu inapofika kijijini kuhakiki mashamba kwa ajili ya hatimiliki za kimila, wanaojitokeza kwanza ni wenye sauti. Mfugaji aliyepeleka ng'ombe mbali wakati wa kiangazi hayupo, mjane anayelima kwa idhini ya shemeji anaogopa kusema, na mke amekaa nyuma wakati jina la mume pekee linaandikwa. Sheria zote mbili za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo mpima au mhakiki anayeuliza kwa sauti, mbele ya wote, kama shamba ni la mtu mmoja au la wanandoa hafanyi uanaharakati wowote: anatekeleza sheria ilivyoandikwa.

Mjini, mtihani mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ulikuwa urasimishaji, yaani mpango wa kupanga na kupima maeneo yaliyokwisha kujengwa holela ili wakazi wapate hati mahali walipo badala ya kubomolewa. Kampuni binafsi ziliruhusiwa kuifanya kazi hiyo katika miji mingi nchini kwa mikataba na wananchi, na Wizara iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Katika mitaa mingi fedha zilichangwa, mchoro ukaandaliwa, wengine wakawekewa alama, kisha kazi ikasimama kwa miaka, na wakazi wakabaki na stakabadhi badala ya hati. Wanaowatetea wapima husema kwamba wananchi wengi hawakumaliza michango na kwamba gharama za vibali zilikuwa kubwa, na hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo aliyepokea fedha za watu mia mbili huku akijua kwamba kazi haitakamilika mpaka walipe watu mia nne alikuwa na wajibu wa kuwaambia hivyo siku ya kwanza, kuziweka fedha hizo mahali pa kuonekana, na kutoa hesabu katika mkutano wa mtaa. Kuchanganya fedha za wateja na za kampuni ni kosa la kimaadili katika kila nchi yenye taaluma hii, na viwango vya kimataifa vya maadili vilivyotolewa mwaka 2016 na muungano wa vyama vya taaluma ya ardhi na majengo duniani vinautaja wajibu wa kifedha pamoja na uadilifu, uwazi na kuepuka mgongano wa masilahi.

Mgongano wa masilahi una sura ya kila siku katika miji midogo. Wapima waliosajiliwa ni wachache, na baadhi yao ni watumishi wa halmashauri. Mwananchi anayefika ofisini huweza kuambiwa kwamba foleni ni ndefu, lakini jioni au Jumamosi kazi yake inaweza kufanyika kwa malipo tofauti. Mtumishi anayeandaa ramani kwa faida yake binafsi kisha akaihakiki akiwa ofisini amejikagua mwenyewe. Malipo ya kuharakisha kile ambacho ni wajibu wake ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na sheria hiyo humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea, jambo ambalo wananchi wengi hawalijui mpaka wanapoitwa TAKUKURU. Kutokana na mazoea hayo huzaliwa milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kuwa na wamiliki wawili au zaidi wenye nyaraka zinazoonekana halali, na mara nyingi mmoja wa wamiliki hao ni mtu aliyefuata taratibu zote.

Wathamini wa mali, ambao ni ndugu wa karibu wa wapima, wana sheria yao ya mwaka 2016 na wana kishawishi chao. Barabara, njia ya umeme wa kilovolti 132 kutoka Tabora na Bandari ya Karema katika Ziwa Tanganyika zimeleta katika Katavi kazi nyingi za kutwaa ardhi na kulipa fidia, na penye fidia hutokea tegesha, yaani watu kupanda miti au kuinua vibanda usiku baada ya kusikia kwamba mradi unakuja. Mthamini anayeiandika tegesha kama mali halisi anaiibia Serikali, na anayempunguzia mkulima idadi ya miembe yake anamwibia mkulima. Yote mawili hufanyika katika fomu ileile, na ndiyo maana mwenye mali anapaswa kuisoma kabla ya kutia saini au dole gumba. Thamani ya ardhi kwa bei ya soko si fidia yote: kanuni zinatambua pia posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida iliyopotea. Mtaalamu aliyefika kijijini bila kulieleza hilo amewaacha watu wajadiliane gizani.

Kwa upande wa wapima wenyewe, Katavi haihitaji sheria mpya ili kazi iende vizuri. Inahitaji wataalamu zaidi kutoka vyuo vya Ardhi, kikiwamo cha Tabora kilicho upande wa pili wa reli hiyohiyo, na inahitaji baraza la usajili linaloonekana mikoani badala ya kusubiri malalamiko yasafiri mpaka yalifikie. Kwa upande wa mwananchi wa Kawajense, Ilembo, Makanyagio au Kasokola, ulinzi ulio karibu zaidi ni kuwepo. Siku jirani anapopimiwa, mwenye eneo linalopakana na lake na atoke nje, amwombe mpima leseni na jina lake, aulize kama mchoro wa mipango miji umeidhinishwa, aandike namba zilizo juu ya kila alama ya mpaka inayomgusa, na asitie saini katika karatasi yoyote ambayo haijajazwa.